Kipande cha Tanganyika sebuleni

Ingia duka lolote la samaki wa mapambo hapa Dar, utakuta mambo ni yaleyale. Kokoto za bluu na pinki chini, mti wa plastiki kona ya kushoto, kasri la kizungu katikati, na sanduku la hazina ambalo kifuniko chake kinafunguka na kutoa mapovu. Samaki wenyewe wanazunguka humo kama wapangaji waliohamia jana. Inapendeza kwa dakika tano. Baada ya hapo ni kama televisheni iliyowashwa na hakuna anayeitazama.

Mume wangu, Hamisi, hata hizo dakika tano hazimalizi. Yeye ni mtoto wa Katonga, kijiji cha wavuvi pembeni ya mji wa Kigoma. Tulipohamia kwenye nyumba tunayoishi sasa tulibakiwa na ukuta mmoja mtupu sebuleni. Mimi nikataka kabati la vitabu. Yeye akataka tangi la samaki, ila kwa sharti moja: liwe ziwa, lisiwe pambo. Nikamuuliza, ziwa lipi? Aliniangalia kama nimemtukania ukoo. (Mimi ni wa Mwanza. Swali lilikuwa na uchokozi ndani yake.)

Tangi la "mtindo wa asili" siyo jambo geni duniani. Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyewafundisha watu wengi kupanga matangi kama bustani: majani mabichi, magogo, mawe machache yaliyokaa kwa heshima. Kazi yake kubwa ya mwisho iko Lisbon, Ureno, tangi lenye urefu wa mita 40. Nilimwonyesha Hamisi picha zake. Akasema ni nzuri sana, halafu akasema, "Lakini hapa hakuna Kigoma."

Kumbe kuna njia nyingine, na wapenzi wengi wa samaki huko Ulaya ndiyo wanayoifuata. Unachagua mahali pamoja halisi, ufukwe fulani wa ziwa fulani, na kila kitu ndani ya tangi kinafuata mahali hapo: aina ya mawe, mchanga, mwanga, samaki. Kichekesho ni kwamba ziwa mojawapo wanalolipenda kuliko yote kwa kazi hiyo ni Tanganyika letu. Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa nje. Kuna watu Ujerumani wana Kigoma sebuleni kwao miaka mingi, na sisi tunanunua kasri la plastiki!

Basi nikamwambia Hamisi twende, anionyeshe hicho anachotaka kukiweka ukutani. Akanyamaza. Nilijua kwa nini. Hakuwa amerudi Katonga tangu mazishi ya baba yao, na kaka yake mkubwa, shemeji yangu Rajabu, walikuwa hawaongei kwa sababu ya nyumba ya marehemu. Miaka mitatu bila hata "Eid Mubarak". Nilichukua likizo, nikakata tiketi mbili.

Kigoma ni mwisho wa reli, na reli hiyo ilifika pale mwaka 1914. Jengo la stesheni la Wajerumani bado linatazama ziwa. Ukipata muda nenda Ujiji, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kisha rudi mjini ule mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo. Mimi na Umwana-Mwanza wangu wote nilikaa kimya mbele ya ile sahani.

Siku ya pili tulikwenda Katonga. "Shikamoo kaka," Hamisi akasema. "Marahaba," Rajabu akajibu, akanigeukia mimi. "Karibu shemeji. Mmefuata nini?" Swali la haki kabisa. Hamisi akasema, "Mawe." Nikadhani mambo yameharibika. Rajabu alimtazama mdogo wake kwa muda, akaingia ndani, akatoka na miwani miwili ya kuzamia. "Mawe yapo majini," akasema.

Tulikwenda fukwe za Jakobsen, vighuba viwili vya mchanga vilivyobanwa na miamba, mwendo mfupi kutoka kijijini. Ukienda, uliza wenyeji kwanza kuhusu mamba, na epuka kuogelea penye matete na maji yaliyotuama, maana huko ndiko konokono wa kichocho wanakopenda kukaa. Pale mchangani maji ni masafi na yana joto la kutosha, kama nyuzi 26. Nilivaa miwani, nikainamisha uso.

Niseme ukweli, nilitegemea majani. Picha ya "asili" kichwani mwangu ilikuwa ya kijani. Pale chini majani karibu hakuna. Kuna mawe ya mviringo, rangi ya kahawia yenye wekundu, makubwa kama friji na madogo kama chungu, yameegemeana na kuacha mapango katikati. Juu yake kuna utando mfupi wa mwani, na kila jiwe lina samaki wanaougugumia kama mbuzi kwenye kichaka. Mawe yanaishia ghafla, unaanza mchanga mweupe, mtupu kabisa. Jua linapita kwenye mawimbi na kuchora nyavu za mwanga zinazotembea juu ya kila kitu. Nikaelewa kwa nini zile picha za Lisbon hazikumgusa.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, muda wa kutosha kwa samaki kuwa watu wa ajabu. Wa jamii ya perege peke yao wako zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani popote pengine. Wapo wanaoishi kwenye makombe matupu ya konokono, mke na mume kila mmoja na chumba chake. Yupo kuhe, mkubwa kuliko perege wote, ambaye baba na mama wanalinda watoto pamoja usiku na mchana. Hapo nilimtazama mume wangu kwa maana.

Lakini tulikuwa tumefuata kambale. Rajabu alituongoza hadi kwenye jiwe lililokaa kama dari, akamulika tochi kwenye upenyo. Walikuwa watano, wadogo kama kidole cha kati, wa kahawia wenye madoa meusi, mapezi meusi yenye ukingo mweupe kama kanzu iliyotariziwa. Na walikuwa kichwa chini miguu juu, matumbo yamegusa dari la pango. Kwetu Mwanza ndugu zao tunawaita gogogo, kwa ule mlio wanaoutoa kwa miiba ya mapezi ukiwatoa majini. Wataalamu wanawaita Synodontis, na hawa wadogo ni petricola.

Wana ndugu yao humohumo ziwani, mkubwa zaidi, multipunctatus, ambaye kisa chake kingefaa ukurasa wetu wa ushauri wa ndoa. Perege wengi wa Tanganyika hulea mayai mdomoni. Jike anataga mayai machache, anageuka anayaokota, anataga tena. Katikati ya shughuli hiyo kambale wanavamia, mume na mke, wanakula baadhi ya mayai na kudondosha ya kwao. Mama wa watu, kwa haraka na hofu, anaokota yote. Mayai ya kambale huanguliwa mapema, na vitoto hivyo vikimaliza kiini chao vinawala watoto wa mwenye nyumba, mlemle mdomoni. Mama anafunga kula, analinda, siku ya kufungua mdomo anatoa kambale. Mjapani Tetsu Sato ndiye aliyeueleza ulimwengu habari hii mwaka 1986. Kuna ndege wanaotaga kwenye viota vya wenzao, hilo tulilijua. Samaki kufanya hivyo ilikuwa habari mpya kabisa.

Tulipotoka majini, Rajabu alitupeleka mahali pengine, karibu na kijito kinachoshuka kutoka mlimani. Mawe ni yaleyale, mpangilio uleule, ila yamevaa tope. Mwani hauonekani. Mapango madogo yamezibwa kama matundu ya ukuta yaliyopigwa plasta. Samaki niliwahesabu kwa vidole. Miti ya milimani imekatwa kwa mkaa na mashamba, mvua ikinyesha udongo wote unashuka ziwani. Watafiti walishapima tangu miaka ya 1990 kwamba pwani zenye tope jingi zina aina chache za viumbe. "Hapa ndipo baba alipotufundisha kuzamia," Rajabu akasema. Hamisi akajibu, "Nimepakumbuka kwa ule mwamba tu." Hayo yalikuwa maneno marefu ya kwanza waliyoambizana, na hayakuhusu nyumba.

Jioni kijana mmoja alikuja na pendekezo. Anaweza kutukamatia kambale sita, awafunge kwenye mifuko yenye hewa, kesho tupande nao ndege. Bei ilikuwa ya kawaida. Biashara ya samaki hai ina leseni zake na kijana hakuwa nayo, lakini nitakuwa mnafiki nikisema hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Nilikuwa nawaza wale watano kwenye dari lao. Sikusema kitu, maana ziwa ni lake siyo langu. Hamisi alifikiri, akamwambia kijana asante, hapana. Hata makombe ya konokono hakuyachukua, kwa sababu yale ni nyumba za watu. Tulirudi Dar na picha mia mbili za mawe, na vipimo: jiwe hili lina upana gani, pengo hili linapitisha ngumi au vidole viwili.

Sasa kwa wale mnaosoma mkitaka kujaribu. Tangi letu ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, ambazo ni kilo 300 kabla hujaweka jiwe hata moja. Sahau kabati la TV. Fundi alituchomelea stendi ya chuma. Mawe tulitafuta ya aina moja tu, ya kahawia, ya mviringo, kwa sababu ukichanganya aina tatu jicho linajua mara moja kwamba ni dukani. Makubwa tuliyakalisha kwenye sakafu ya tangi kwanza, juu ya sponji nyembamba, ndipo tukamwaga mchanga laini. Ukianza na mchanga, samaki wakichimba chini mawe yanaporomoka na kioo kinapasuka. Mawe yako upande wa kushoto, yamepanda karibu na juu ya maji. Kulia hakuna kitu. Mchanga tu. Hapo ndipo tulipogombana, maana mkono wangu ulikuwa unawasha kuweka kitu. Hamisi alishinda, na sasa nusu ile tupu ndiyo ninayoiangalia zaidi.

Nyuma tumepaka rangi nyeusi. Juu kuna taa moja ya LED, na pampu inayotikisa uso wa maji ili zile nyavu za mwanga zitembee. Maji ya Tanganyika ni magumu, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo ndani ya chujio tumeweka vipande vya mawe ya chokaa, yale yanayochimbwa Wazo, yaliyokuwa matumbawe enzi hizo. Halafu tukasubiri wiki sita bila samaki. Msiruke hatua hii. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wa kuigeuza wanahitaji muda huo kuota kwenye chujio. Tuliwalisha chembe za chakula cha samaki na kupima maji kila Jumamosi, watu wazima wawili wamekaa kwenye kochi wakitazama mawe. Wageni walidhani tumefilisika.

Kambale sita wa petricola tuliwapata kwa mfugaji wa hapa Dar anayewazalisha mwenyewe. Watafika sentimita kumi na kidogo, hivyo lita 300 zinawatosha. Yule mkubwa mwenye tabia ya kusingizia watoto tumemwacha ziwani. Makombe ya konokono yalitoka mashamba ya mpunga ya Ruvu, tukayachemsha, na ndani yake wanaishi perege wadogo jozi mbili. Robo ya maji tunabadilisha kila wiki. Umeme ukikatika tuna pampu ndogo ya betri. Mwani ukiota juu ya mawe tunauacha, tunafuta kioo cha mbele tu.

Mwezi uliopita Rajabu alikuja Dar kwa shughuli zake, akafikia kwetu. Suala la nyumba bado liko kwa wazee wa ukoo na sijui litaishaje. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu, chai inapoa mkononi. Kambale walikuwa wamejificha, kama kawaida yao mchana. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Hilo jiwe la juu umeligeuza," akamwambia Hamisi. "Mgongo wake unatazama ziwani, siyo nchi kavu."

"Umeona wapi wewe? Picha ninayo."

"Picha! Mimi nalala pale."

Nilipotoka jikoni wote wawili walikuwa wamekunja mikono ya mashati, mikono imezama hadi viwikoni, maji yanachuruzika kwenye zulia langu.