Nusu ya Baxter

Mei 1997 nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa mmoja karibu na Mtaa wa Fremont, Las Vegas. Kasino ya Binion's Horseshoe haikuwa mbali nasi, na kila mwaka majira yale mji ulijaa wacheza poka waliokuja kwa World Series of Poker, mashindano aliyoyaanzisha Benny Binion mwaka 1970. Kwa kawaida fainali ilichezwa ndani, na sisi wa jikoni tuliishia kusikia matokeo kwa wahudumu. Mwaka ule meza ya fainali ilitolewa nje, ikawekwa mtaani chini ya lile paa kubwa la taa lililozinduliwa mwishoni mwa 1995. Nikapata nafasi ya kushuhudia.

Joto la jangwani lilikuwa kali. Katikati ya umati alikaa mtu mdogo wa umbo, amekonda, amevaa miwani ya duara yenye vioo vya buluu. Huyo ndiye Stu Ungar. Watu walisema miwani ile ilificha pua iliyoharibiwa na kokeini. Alikuwa na miaka 43, na uso wake ulionyesha zaidi ya hiyo. Mwaka 1980 alimshinda Doyle Brunson akatwaa ubingwa, akaurudia 1981, kisha miaka ikapita bila taji. Dawa za kulevya na kamari ya michezo zilimlia kila alichopata.

Kiingilio cha shindano kuu kilikuwa dola 10,000, na Ungar hakuwa nazo. Billy Baxter, mcheza kamari mwenzake wa siku nyingi, alimlipia dakika za mwisho kabisa kabla ya mchezo kuanza. Masharti yao yalikuwa ya kawaida katika fani ile: kikipatikana kitu, nusu kwa nusu. Wachezaji walikuwa 312. Siku ya kwanza Ungar alisinzia mezani kwa uchovu, lakini kufikia fainali alikuwa anaongoza kwa mbali, akiwasoma wenzake kana kwamba karata zao zimelala wazi.

Mwishoni walibaki wawili, yeye na John Strzemp, ambaye kazi yake hasa ilikuwa uongozi wa kasino. Katika mkono wa mwisho Strzemp alikuwa na ree na nane. Ungar alikuwa na ree na nne. Mezani zikaja ree, tano na tatu, kisha tatu nyingine. Hapo Strzemp alikuwa mbele kwa ile nane yake. Karata ya mwisho ikawa mbili, na Ungar akapata mfululizo wa ree hadi tano. Umati ulilipuka. Strzemp aliondoka na dola 583,000. Mbele ya Ungar zilipangwa noti za dola milioni moja, naye akawaonyesha watu picha ya binti yake.

Niliporudi jikoni, kila mtu alikuwa anamjengea Ungar nyumba na kumnunulia gari. Mhudumu mmoja mtu mzima, aliyewajua wacheza kamari kuliko sisi sote, alitukata maneno: zile fedha nusu ni za Baxter, na hiyo nusu nyingine tuipe miezi michache.

Haikufika mbali. Mwaka 1998 Baxter alimlipia tena kiingilio. Bingwa mtetezi alikuwa na chumba palepale Horseshoe, lakini akasema hajiwezi, hakushuka kucheza. Taji likaenda kwa Scotty Nguyen, aliyefika Marekani kama mkimbizi kutoka Vietnam. Novemba mwaka huohuo Ungar alikutwa amekufa katika hoteli ya bei rahisi mjini humo. Alikuwa na miaka 45, na marafiki walichanga fedha za mazishi.

Tangu hapo, matokeo ya mashindano haya yakitoka, sioni tena jina moja na kiasi kimoja cha fedha. Mwaka 2006 Jamie Gold aliwashinda watu zaidi ya 8,700, zawadi ikiwa dola milioni 12. Mara akashtakiwa na mtu aliyedai ameahidiwa nusu, na shauri likaisha kwa maelewano. Wengi wanaotajwa kuwa mamilionea wameuza sehemu zao kabla ya kukaa mezani, kwa ndugu, kwa marafiki, kwa wadai. Orodha haiwataji hao.

Ungar amesemwa mengi, na mengi ni kweli: aliharibu kipaji, alivunja ahadi nyingi, alikopa kwa kila aliyemjua. Lakini nusu ya Baxter ya mwaka 1997 ilifika kwa mwenyewe bila wakili wala hakimu. Nami nilizoea kuwasikia wacheza kamari wakihukumiana kwa jambo hilo kwanza, kabla ya kuhesabu mataji.