Banda la Njiwa: Barua kutoka Ryhope



Wale miongoni mwetu waliokulia Mombasa, Unguja au Pemba watawakumbuka njiwa manga waliofugwa uani, katika visanduku vya mbao vilivyotundikwa ukutani. Mama akipepeta mchele, njiwa walishuka kuokota chenga miguuni pake. Sikudhani kwamba ningewakuta tena huku kaskazini mashariki ya Uingereza, wakishindanishwa kwa shauku ile ile tunayoijua katika mashindano ya ngalawa.

Ryhope ni kijiji cha zamani cha wachimba makaa ya mawe, kusini ya mji wa Sunderland, kando ya Bahari ya Kaskazini. Mgodi wake ulifungwa mwaka 1966. Ule wa Wearmouth, mjini Sunderland, ulifungwa mwaka 1993, na mahali pake pakajengwa uwanja wa mpira. Migodi imekwenda, lakini mabanda ya njiwa yapo. Wenyeji huliita banda la namna hii "cree". Moja, lililojengwa kwa mbao mwaka 1955, limo katika orodha ya serikali ya majengo yanayohifadhiwa, sawa na makanisa na majumba ya kale. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi mchana kutwa, haishangazi kwamba alipotoka alipenda kutazama juu.

Mwanangu mwenye miaka kumi na mmoja ndiye aliyenivuta katika jambo hili. Kila alasiri alisimama kwenye ua wa jirani yetu, mzee aliyewahi kuchimba makaa, akiwatazama njiwa wakizunguka angani. Hatimaye akaniambia, "Baba, na sisi tujenge letu." Nami, kwa haraka ya mtu asiyejua, nikafanya kosa ambalo napenda wengine wasilirudie.

Nilinunua njiwa wakubwa sita, wazuri wa kutazama. Nikawafungia wiki tatu, nikawalisha vizuri, nikaamini wameshazoea. Siku ya Jumamosi tukawafungua. Wakapanda, wakazunguka mara mbili juu ya paa letu, kisha wakashika njia ya kusini, wala hawakurejea. Jioni yule aliyeniuzia akapiga simu: watano wameshafika kwake. Mwanangu hakula siku ile. Mzee jirani aliposikia hakucheka. Alisema tu kwamba njiwa wa mashindano hutambua kwao pale aliporuka mara ya kwanza, na kwamba mkubwa ukimnunua utamfuga ndani apate kuzaa. Watakaokuwa wako ni makinda yake.

Basi tukaanza upya, na safari hii kwa mpango. Nayaeleza tuliyojifunza kwa mpangilio, kwa manufaa ya mwenye nia.

Kwanza, idhini. Anayekaa nyumba ya kupanga amwombe mwenye nyumba, naye mwenye nyumba yake aulize baraza la mji. Majirani nao waambiwe mapema, kwani haki ya jirani tunaijua. Tena kuanzia Oktoba 2024, kwa Uingereza na Wales, mwenye kufuga ndege, hata mmoja tu, anatakiwa kujiandikisha serikalini. Sababu yake ni homa ya ndege.

Pili, banda lenyewe. Lielekezwe kusini au kusini mashariki, lipate jua la asubuhi. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30, hewa ipite chini na panya wasipate pa kujificha. Adui mkubwa ni unyevunyevu, kuliko hata baridi. Hewa iingie chini kwa mbele na itokee juu karibu na paa, bila ya upepo kuwapiga njiwa waliolala. Banda la futi nane kwa sita lamtosha anayeanza. Ligawanywe vyumba viwili, kimoja cha wazazi na kimoja cha makinda. Kila njiwa awe na kishubaka chake cha kulalia, maana njiwa asiye na mahali pake hugombana usiku kucha. Na tusijaze banda: njiwa kumi na wawili wenye afya ni bora kuliko arubaini wagonjwa.

Tatu, mlango. Mbele huwekwa ubao wa kutua, na juu yake nyaya zinazoning'inia ambazo njiwa huzisukuma akiingia lakini hawezi kuzisukuma akitoka. Mlango huu ndio unaoamua ushindi, kwani njiwa aliyefika juu ya paa na kukaa hapo hajahesabiwa kuwa amefika. Kwa hiyo hufunguliwa wakiwa na njaa kidogo, na chakula hutolewa baada ya kuingia, kwa kutikisa mkebe wa nafaka.

Nne, malezi. Jike hutaga mayai mawili, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa siku 17 au 18. Kinda likifikia wiki moja hivi huvishwa pete mguuni ambayo haivuki tena mguu ukishakua. Wiki ya nne huhamishiwa chumba chake. Hapo ndipo kazi ilipo: huwekwa siku kadhaa ndani ya kizimba cha waya mbele ya banda, atazame paa, miti na bahari kabla mbawa zake hazijapata nguvu. Baadaye huruka, kisha hupelekwa mbali kidogo kidogo: kilomita nane, kumi na tano, thelathini. Njiwa mkubwa hula takriban gramu 30 kwa siku, za mahindi, mbaazi na ngano, pamoja na changarawe za kumsagia tumboni. Wa mashindano ni lazima wachanjwe.

Naongeza onyo kwa wenye pumu: vumbi la njiwa hudhuru mapafu, basi tuvae kitambaa puani wakati wa kufagia, na tufagie kila siku.

Wanapokomaa hupelekwa kwa lori upande wa kusini. Katika mashindano marefu ya chama cha huku, Up North Combine, njiwa wamewahi kufunguliwa Bourges, katikati ya Ufaransa, takriban kilomita 900 kutoka hapa. Kwa kuwa kila banda liko umbali wake, mshindi hujulikana kwa kugawanya umbali kwa muda. Wataalamu husema njiwa huongozwa na jua, nguvu ya sumaku ya ardhi na hata harufu, na bado wanajadiliana. Sisi twasema, Subhanallah.

Lipo jambo ambalo Mwislamu hana budi kulitazama. Katika vilabu hivi wapo wanaowekeana fedha. Wanazuoni wa hadithi husimulia habari ya Khalifa al-Mahdi wa Bani Abbas, aliyetawala kuanzia 775 hadi 785, ambaye alipenda mno njiwa. Mtu mmoja, Ghiyath bin Ibrahim, alimsimulia hadithi inayotaja mashindano yanayofaa zawadi, nayo ni ya mishale, ngamia na farasi. Kisha akaongeza kwa uongo neno "bawa" ili kumfurahisha. Khalifa akampa zawadi, lakini alipotoka akasema kuwa yule amemzulia Mtume, rehema na amani zimshukie, kisha akaamuru njiwa wake wachinjwe. Nilimsimulia mwanangu kisa hiki, tukakubaliana: tutarusha njiwa, hatutaweka fedha, na sala haitachelewa kwa kungojea njiwa.

Msimu uliopita kinda la kwanza la banda letu lilirudi kutoka kilomita mia moja na zaidi. Mwanangu alilitambua likiwa bado doa juu ya bahari. "Limekuja kwao, Baba," akasema. Sikumjibu mara moja. Mimi nilizaliwa Kibokoni, na ningefunguliwa leo najua ningeshika njia ipi. Yeye paa la kwanza alilolitazama ni hili la Ryhope. Wakati wote nilikuwa nikimwambia, "Kwetu ni Mombasa," nikaudhika alipokuwa hanielewi. Kumbe namtaka akumbuke mahali ambapo hajapata kuruka.

Basi mwaka huu, inshallah, fedha nilizoweka kwa ajili ya banda la pili zitanunua tiketi. Nataka aende kwa bibi yake angali mdogo, akae miezi miwili, ajue msikiti, soko, na njia ya kutoka madukani hadi nyumbani bila ya kuongozwa. Akishapajua, kwao kutakuwa pawili. Mzee jirani ameahidi kuwalisha njiwa hadi turejee.

Wabillahi tawfiq.