Mtoto akitaka kazi ya umeme wa nyuklia

Mzazi anaposikia mwanawe, mhandisi mpya wa umeme, anataka kazi kwenye kituo cha nyuklia, jambo la kwanza kumjia ni mionzi. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini mhandisi wa umeme pale hulinda jambo jingine: umeme wa kituo chenyewe usikatike.

Kinu kikizimwa, fueli yake huendelea kutoa joto, hivyo maji ya kupoza lazima yaendelee kusukumwa. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011, vinu vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Kisha tsunami ikafurika hadi kwenye jenereta za dharura; umeme ukakosekana, na viini vya vinu 3 vikayeyuka.

Ndiyo maana anayeanza kazi hushinda kwenye betri, jenereta, nyaya na swichi, akipima na kuandika, na mwenzake akihakiki.

Barani Afrika, hadi sasa kituo kinachozalisha umeme wa nyuklia ni kimoja tu, Koeberg, Afrika Kusini. Basi shahada ya kawaida ya uhandisi wa umeme itangulie; ujuzi huo unahitajika hata kwenye mabwawa na kwenye mvuke wa Olkaria.

Mzazi asimpime mtoto kwa alama za hesabu pekee. Amtazame: jambo likienda kombo, husema mapema au huficha?