Ukitaka Kumwona Samaki Mkubwa wa Mafia

Sisi wa Kalinzi twakaa mlimani kati ya kahawa na migomba, lakini samaki si wageni kwetu. Dagaa, migebuka na kuhe wa Ziwa Tanganyika twawajua. Lakini yuko samaki mmoja katika nchi yetu ambaye hakuna mtumbwi wa Ujiji ungeweza kumbeba. Huyo ni papa potwe wa kisiwa cha Mafia, wa aina iliyo kubwa kupita samaki wote duniani. Aweza kupita urefu wa meta 12. Wale wa Mafia wengi ni madume wasiokomaa bado, hata hivyo wengi wao ni warefu kuliko mtumbwi.

Huenda utauliza: je, hatanimeza kama Yona? La, usiogope. Kinywa chake ni kipana, lakini koo lake ni jembamba. Chakula chake ni uduvi, mayai ya samaki na vijidudu vidogo vya baharini, ambavyo huvichuja katika maji.

Basi, ukitaka kwenda, panga mapema. Majira yake ni tangu Oktoba mpaka Machi, ambapo potwe huja karibu na pwani ya Kilindoni kufuata chakula. Mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba wengi wao hawahami kabisa; miezi mingine husogea mbali na pwani na kukaa chini zaidi, macho yetu yasiwaone.

Shuka Kigoma, upande garimoshi la Reli ya Kati, ile iliyofika huko mwaka 1914. Mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200, kwa hiyo chukua blanketi na chakula. Kutoka Dar es Salaam shika njia ya kusini mpaka Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na hapo uvuke bahari mpaka Kilindoni. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata wenzako wakikuhimiza. Tena weka akiba ya siku mbili tatu, maana bahari ikichafuka hakuna safari.

Huko Kilindoni huna haja ya kuzama chini sana. Potwe huogelea karibu na uso wa maji, nawe humtazama kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea, au abaki chomboni. Hata kutoka hapo huonekana vizuri, mgongo wake umejaa madoa meupe. Ulizia bei kabla ya kuondoka pwani. Usimguse, usimkimbize, wala usimzibie njia.

Sasa sikiliza neno kubwa zaidi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, lakini maji ya Kilindoni yako nje ya mipaka yake. Hapo wavuvi hutega dagaa, na potwe huja kula palepale; mara nyingine huingia wavuni. Mvuvi akimfungulia atoke, huenda akapoteza sehemu ya dagaa wake usiku ule. Lakini potwe aliye hai huwapa riziki mwenye mashua, mpishi na mwenye nyumba ya wageni, mwaka huu na mwaka ujao.

Jambo hili latuhusu hata sisi. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Kwa mwenye mtumbwi na watoto, miezi mitatu ni mirefu. Lakini ziwa likimalizwa, watoto hao watavua nini?

Kwa hiyo, baba na mama, fedha ya kahawa ikipatikana, wekeni kidogo kando. Kama haitoshi nyumba nzima, mchagueni mmoja aende, naye akirudi awasimulie wengine yote aliyoyaona.