Baraka Mlangoni, Hofu Jikoni

Wako wanaofikiri kwamba Wazungu hawana mila za nyumbani. Aliyekaa Irlandi hasemi hivyo.

Nilikaa mwaka mzima magharibi ya nchi ile, kwa mama mmoja mzee. Huko, wanaotumia lugha ya wahenga wao husalimiana hivi: «Mungu awe nawe.» Na jibu: «Mungu na Maria wawe nawe.» Ukimkuta mtu shambani, wamwambia: «Baraka ya Mungu juu ya kazi.» Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, mama alisuka msalaba wa Mtakatifu Brigida kwa majani ya bondeni, akautundika juu ya mlango, ili Mungu ailinde nyumba na moto na njaa. Usiku wa Noeli aliwasha mshumaa dirishani, Maria na Yosefu wajue kwamba humo mna nafasi.

Lakini mama hakunificha upande wa pili. Wazee wake waliogopa viumbe vya vilimani, ambavyo, walisema, huiba mtoto au mke na kuacha mwingine wa kufanana naye. Kwa hiyo waliweka koleo la chuma juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Akanisimulia habari za Bridget Cleary, wa jimbo la Tipperary. Mwezi wa Machi 1895 mwanamke huyo aliugua. Mumewe akashika neno moja: huyu si mke wangu, ni kiumbe cha vilimani. Akamchoma moto jikoni mwao, jamaa wakiwapo, naye akafa. Mume alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

«Mwanangu,» mama akasema, «wale nao walikuwa wabatizwa.»

Neno hilo halijanitoka. Hapa kwetu Kongo pia wako watoto wanaofukuzwa nyumbani, eti ni wachawi, na wanaowafukuza husali kila siku.

Basi, kila desturi ya nyumbani tuiulize: yanifundisha kumfungulia mwenzangu mlango, ama kumwogopa? Ile ya kwanza tuwarithishe watoto wetu. Ile ya pili tuiache, hata kama inafuatana na sala. Na mtoto akiugua, tumpeleke kwa mganga wa hospitali, tukae karibu naye, tumwite kwa jina lake.