Dar mpaka Guangzhou ni mbali kiasi gani?

Huku chuo ni msimu wa test, maktaba imejaa mpaka kwenye ngazi. Nimeiba dakika chache niwaandikie hesabu moja ambayo haimo kwenye kozi yoyote ninayosoma.

Mdogo wangu kapata nafasi ya kusoma Guangzhou, China. Basi mama kanipigia kutoka Singida: "Mwalimu, hebu nieleze, huko ni mbali kiasi gani?" Mimi nasomea ualimu wa hisabati na jiografia, swali kama hilo siliachii.

Nikachukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, Julius Nyerere na Baiyun. Ukipima juu ya duara kuu la dunia, pembe kati yao ni nyuzi 78 na kidogo. Kila nyuzi ni karibu km 111, kwa hiyo unapata kama km 8,700. Ndege kubwa inakwenda km 900 kwa saa hivi. Ikinyoosha moja kwa moja haimalizi saa 10.

Lakini tiketi ya dogo inapitia Addis Ababa. Ukijumlisha vipande viwili inakuwa kama km 9,800. Ziada ni km 1,100, karibu sawa na Dar mpaka Mwanza kwa barabara, ila kwa ndege ni saa moja na ushee tu. Kinachokula muda ni kusubiri: saa 3 mpaka Addis, saa 5 za kukaa uwanjani, saa 10 mpaka Guangzhou. Jumla saa 18.

Halafu China wako mbele yetu kwa saa 5. Akiondoka Dar Jumanne saa 11 jioni, anatua Jumatano saa 10 jioni ya kule. Ukisoma tiketi utadhani kasafiri saa 23. Akirudi, saa 18 zile zile zitaonekana 13! Nikamwambia mama, unaona, kurudi ni karibu kuliko kwenda. Hakucheka.

Akauliza, "Sasa mimi nikifa asubuhi, atawahi kunizika?"

Jamani. Nikaanza hesabu upya. Kutafuta tiketi, weka siku moja. Safari ya ndege, nyingine. Basi la Dar mpaka Singida, karibu km 700, siku nzima.

"Siku tatu, mama."

Kimya. Kisha akasema, "Basi aende. Siku tatu ndugu watasubiri."

Nikianza kufundisha mada ya dunia kama tufe, nitawapa wanafunzi swali hili hili. Kilomita watakokotoa, sawa, lakini jibu la mwisho nitalitaka kwa siku, kutoka mlango wa hosteli mpaka mlango wa nyumbani.

Haya, narudi kwenye madesa. Tuombeane, kesho saa 2 asubuhi nina test.