Broka au Ajenti?

Hapa Mombasa ukisema kazi yako ni nyumba, watu watakuita broka hata uvae tai. Mimi nimeajiriwa na ajenti aliyesajiliwa. Nabeba funguo, naonyesha vyumba, nafungua mifereji wateja waone maji yatoka, na mpangaji akilipa napata fungu dogo. Rafiki yangu wa Kisauni ni broka wa miguu yake. Akimpatia mtu nyumba, kodi ya mwezi mzima ni yake. "Sasa wewe wangoja nini?" huniuliza.

Swali lake si la kipuuzi. Nyumbani nina mama na wadogo wawili wako shule.

Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, ipo tangu 1984. Yataka anayefanya biashara hii asajiliwe na bodi, na pesa za wateja azitie akaunti ya mbali, zisichanganyike na zake. Lakini usajili wataka elimu ambayo rafiki yangu hana, wala mimi sijaipata. Kwa hivyo, ndugu msomaji, sitamwita mwizi. Wako mabroka waaminifu kuliko wenye vyeti ukutani.

Ila mwezi uliopita alikuja mama mmoja na akiba ya miaka 12. Amepata nyumba Majengo, bei rahisi, muuzaji ana haraka. Bosi akamwuliza neno moja tu: "Na shamba ni la nani, mama?"

Mji huu waweza kumiliki kuta na mabati, na ardhi ikawa ya mtu mwingine, ukawa wamlipa kodi ya kiwanja. Ndizo nyumba bila shamba, na ni nyingi. Kununua si kosa, lakini bei yake ni nyingine na usingizi wake ni mwingine. Yule mama hakuwa ameambiwa. Aliukunja mkoba wake mapajani, akanyamaza, kisha akauliza: "Na arubuni niliyompa yule kijana?"

Ilikuwa mfukoni mwa kijana. Tulipiga simu mara nne, haikushikwa.

Tangu hapo, nikizipima kazi hizi mbili najiuliza: pesa ya mtu yalala wapi kabla hajapewa ufunguo? Nilimweleza rafiki yangu. Akacheka: "Njaa haina akaunti, ndugu yangu." Kweli haina. Lakini nimejiandikisha masomo ya jioni, na nikisajiliwa, mlangoni kwangu kutaandikwa jina langu na nambari ya bodi, ili mama kama yule ajue pa kunidai.